Alama Mbili Kwenye Ukingo wa Bati

Nilipokuwa katika umri wa kung'oka meno, baba alinipeleka kwa mjomba wangu, upande wa magharibi wa mlima Meru, nikachunge ng'ombe. Sisi ni Wameru wa juu ya Kikatiti, lakini mama alikuwa na damu ya Kiarusha, na mjomba alikuwa na ng'ombe wengi kuliko watoto. Huko nilijifunza Kimaasai cha kutosha kuombea maziwa, na huko niliachia shule darasa la nne. Mnaoona maandishi yangu yanapanda kilima na kushuka, sababu ni hiyo.

Mwaka mmoja wa ukame mtamba mwekundu alijiunga na kundi letu. Hakuna aliyejua ametoka wapi. Sikio lake la kushoto lilikuwa na mikato miwili karibu na ncha. Ng'ombe wa mjomba walikuwa na mkato mmoja na tundu, kwa hiyo hata mimi mtoto nilijua huyu si wetu. Mjomba akasema alishwe kama wengine na sikio lake lisiguswe. Mvua ikanyesha, mtamba akanenepa, akapandwa na dume letu, akazaa ndama wa kike. Mjomba hakumkata ndama sikio. Akakua na masikio mazima, majirani wakitucheka kwamba tumeanza kufuga punda.

Halafu siku moja akaja bibi mmoja ameshikwa mkono na mke mwenzake. Haoni. Akaomba ng'ombe wapitishwe mbele yake, mmoja mmoja, naye akawa anapapasa kila sikio kwa kidole gumba. Tulichelewa kwenda malishoni, mimi nimekasirika nina njaa. Alipofika kwa yule mwekundu akasimama. Akapapasa mara mbili. Akaomba na ndama, akapapasa, akakuta sikio zima, akakaa chini palepale kwenye mavi ya ng'ombe.

"Huyu mmeniachia nimkate mwenyewe," akasema.

Mjomba akampa maziwa, wakaondoka na ng'ombe wao. Basi. Sijui kwa nini nimeanza na hilo, nimeombwa niandike habari za kuchomelea vyuma.

Vijana wa Olasiti, ninyi mliochukua mashine zangu za kuchomelea na meza ya jiwe la kunolea, mlikuja kuniomba niwaachie maneno kabla sijasahau. Mkataka mjue nilianzaje, nilifundishwa na nani, kazi ngumu ilikuwa ipi. Mlitarajia habari za mageti. Nitawaandikia, lakini nitasema sasa hivi mnisome mkijua: kazi yangu ngumu kuliko zote ilichukua muda wa kuchemsha chai, na niliifanya vibaya kwa kuifanya vizuri. Binti yangu Neema ni mkaazi wa kudumu wa Kanada, ana kampuni yake huko, na alifika kwa mashine ambayo si yangu. Nilisema ni yangu.

Sasa twende kwa mpangilio.

Nilimkuta Lazaro karibu na soko la mbao, mimi nabeba mbao, yeye anachomelea dirisha. Mwarusha mrefu, kanipita miaka kama kumi, ana kofia ya sufu aliyoivaa jua na mvua. Kazi alifundishwa na Singasinga mmoja mwenye karakana mjini, mzee mkali aliyekuwa akipiga herufi ya jina lake kwenye kila geti linalotoka mkononi mwake. Nilisimama kutazama ule moto wa buluu.

"Ero, usitazame moto," akasema. Ero ndivyo Waarusha wanavyomwita kijana wa kiume, neno la kumtumia mtu ambaye bado hajawa kitu.

"Sitazami, mzee."

"Unatazama."

Nilikuwa natazama. Jioni macho yakajaa mchanga, machozi yanamwagika, nikadhani nimekuwa kipofu. Mke wake, mama Naserian, akanilaza kwenye benchi akanibandika vipande vya kiazi kibichi machoni, huku Lazaro akila ugali pembeni na kuniambia kwamba Mungu angetaka tutazame jua angetuwekea miwani. Kesho yake nikarudi. Sikubeba mbao tena.

Miaka ya kwanza kazi yangu ilikuwa kushika. Shika hapa, shika wima, usitikise. Watu wanadhani fundi hujifunza kwa kuchomelea. Hapana, hujifunza kwa kushika, maana unayeshika unaona chuma kinavyovutwa na joto na kupinda, na mchomeleaji haoni isipokuwa moto wake. Mkimpata mwanafunzi mwacheni ashike mwaka mzima. Atawachukia, lakini mageti yake yatafunga.

Lazaro hakuamini jicho. Akimaliza kuchomelea, akigonga maganda yale meusi yakadondoka, alipitisha kidole gumba juu ya mshono, kwenda na kurudi, uso ametazama kwingine kabisa, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Kidole kikisimama, rudia. Nimewahi kurudia mguu wa meza mara nne mpaka mteja akaondoka na meza ya mtu mwingine.

Na akimaliza kabisa, kabla ya rangi, alichukua tindo na nyundo akakata alama mbili kwenye ukingo wa bati, chini upande wa kushoto, mahali ambapo mpaka uiname ndipo uone. Mikato miwili midogo, karibu karibu. Nilimuuliza kwa nini haandiki jina kama Singasinga wake.

"Jina anasoma aliyesoma," akasema. "Hii ndiyo masikio ya ng'ombe wa baba yangu."

Nikamwomba siku moja nikate mimi, kwenye toroli nililolichomelea karibu lote. Akakataa. Hakukasirika, akasema tu, "Ukiwa na cha kwako utakata cha kwako." Mimi kuanzia hapo mpaka nafunga karakana sijakata alama yoyote mahali popote. Sikuwahi kuona kitu nikasema hiki sasa ni cha kwangu. Mageti niliyotengeneza yamejaa mji huu, na yote ni kama yale mengine.

Miaka ikaenda. Macho ya Lazaro yakaanza kupungua, mambo ya leseni na umeme yakamchosha, tukahamia Olasiti, karakana ikawa kwa jina langu. Yeye akawa anakuja kila asubuhi na kofia yake, anakaa kwenye ndoo ya rangi, ananiita ero mbele ya wateja, mimi nina mvi. Wateja wakiingia walinipa mkono mimi, lakini swali walimuuliza yeye. Sikuwahi kusema kwamba hilo linaniuma. Nalisema sasa.

Mashine yenyewe ilikuwa ya migomba. Mnajua kwetu Meru ng'ombe anafungwa ndani na chakula chake kikubwa kiangazi ni shina la mgomba, mwanamke anakata kwa panga mpaka mabega yanakufa. Mashine za kukatia majani zilikuwepo, lakini ukizilisha mgomba dakika mbili, nyuzi zinajisokota kwenye shafti, injini inalia, inazima. Unakaa chini na kisu unachambua nyuzi kama mtu anayechuna kuku. Tulijaribu visu vya kila aina. Tukapunguza mwendo, tukaongeza mwendo, mkanda mmoja ukakatika ukamkosa jirani.

Halafu asubuhi moja Lazaro akaja mapema, hata hajanisalimia, akasema nitafutie spring ya gari. Tukapata jani la spring lililovunjika kutoka gari la watalii. Akalipasha moto, akalikunja, akalikata meno. Akaliweka likiegemea shafti, ili kila shafti inapozunguka, meno yanazichambua nyuzi na kuzirudisha kwenye visu. Kichana. Tukalisha mgomba mzima. Tukalisha wa pili. Mashine ikatafuna mpaka tukaishiwa migomba, tukaenda kuiba miwili kwa jirani yuleyule.

Nikamuuliza umekipataje hiki kichwani. Akaniambia alikuwa amekaa mlangoni kwake jana yake akimwangalia mama Naserian anamchana nywele binti yao. Kila baada ya kuchana mara tatu, mama anavuta nywele zilizonasa kwenye chanuo kwa vidole. "Nikaona kumbe chanuo nalo linahitaji chanuo," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Mama Naserian alifariki baada ya hapo, haikupita miaka miwili. Lazaro alikuwa akiisimulia hiyo habari kwa kila aliyekuja karakana kununua mashine, na kila alipofika kwenye vidole vya mkewe alionyesha kwa vidole vyake. Nimeisikia mara nyingi kuliko sala ya Bwana.

Kila mashine ilitoka na alama mbili. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuja kutaka achukue mchoro akatengeneze kwake, abandike nembo yake. Lazaro akamjibu, "Mashine chukua. Alama inaenda na mashine. Hutaki alama, acha na mashine." Yule bwana akaacha vyote. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, nikalikumbuka hilo jibu baadaye, siku ambayo nilipaswa kulisahau.

Neema ni mwanangu wa mwisho, ndiye aliyesoma. Chuoni alisomea kilimo cha biashara, akarudi akapanga chumba Engutoto, akaweka kompyuta, akaanza kuipeleka ile mashine kwa vikundi vya akina mama wenye ng'ombe wa maziwa. Mchana anauza mashine, jioni anafundisha kuilisha. Akatengeneza na namna ya kuzitumia zile nyuzi zinazobaki, zikawa za kusukia mikeka na kufungia mizigo. Hiyo akili ya nyuzi ni ya kwake, sitaki mtu amnyang'anye.

Siku moja akaja Kikatiti nyumbani, akatukalisha mimi na mama yake. Akasema Kanada kuna njia ya watu wenye biashara changa. Ukiwa na kitu kipya ambacho kinaweza kukua, na kituo cha huko kinachokuza biashara za namna hiyo kikiridhika nawe, kinakuandikia barua ya kukuunga mkono. Na hiyo barua, pamoja na karatasi nyingine za kujaza gunia, unaombea ukaazi wa kudumu. Unaishi huko, biashara inakaa huko, hakuna wa kukuambia viza imekwisha.

"Wana migomba Kanada?" mama yake akauliza.

"Hawana, mama. Wana wateja wa dunia nzima, na wana mabua na mimea ya nyuzi ya kila aina inayojisokota vilevile."

"Basi na wao wamepata shida yao," mama yake akasema.

Kisha Neema akanipa karatasi mbili. Kituo kilitaka kujua nani amebuni mashine, na huyo mtu aandike kwamba amekubali kampuni iitumie. Akaziandika kwa Kiswahili na Kiingereza. Jina la Lazaro lilikuwa limeachiwa nafasi, na chini kulikuwa na mstari unaosema kwamba atakuwa mwenye sehemu katika kampuni, na jina lake litakaa kwenye kila mashine. Binti yangu alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Nataka hilo lisomwe polepole.

"Baba, umweleze babu Lazaro vizuri. Asisaini kama hajaelewa."

"Nitamweleza."

Kesho yake nilizitia karatasi kwenye mfuko wa shati nikaenda karakana. Lazaro amekaa kwenye ndoo anapiga tupa kisu.

"Ero, mfukoni una nini, unajishika kama mwenye kidonda?"

"Karatasi za kanisa," nikasema.

Mnaona, hata kanisa nililiingiza. Nilikaa na zile karatasi siku tatu. Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza naweza kuisema mbele ya mchungaji: niliogopa atakataa, kama alivyomkatalia yule mfanyabiashara, na njia ya mwanangu itafungwa na mikato miwili ya tindo. Ya pili sijawahi kuisema. Nilitaka mara moja katika maisha yangu mtu aulize nani katengeneza hiki, na jibu liwe mimi. Nilishika kile kichana kwa koleo kikiwa chekundu. Nilishika. Nikajiambia kushika nako ni kutengeneza.

Siku ya nne nikasaini mwenyewe. Kwenye nafasi ya jina nikaandika langu, Yohana, kwa yale maandishi yangu ya darasa la nne.

"Babu Lazaro amekataa?" Neema akauliza alipoliona jina langu.

"Hajakataa. Amesema mambo ya karatasi hayamhusu, na kwamba kile kitu tumekitengeneza wote, niandikwe mimi."

"Kweli?"

"Unamjua Lazaro, hana makuu."

Akanitazama kidogo. Halafu akaamini, kwa sababu mimi ni baba yake.

Wiki iliyofuata akaja na simu kupiga picha za mashine, mbele, nyuma, ubavuni, chini. Ilikuwa ile ya mfano tuliyoitunza nyumbani Kikatiti. Akainama, mara yake ya kwanza kuangalia huko chini, akasema, "Baba, hapa pamekatwa nini? Kama alama."

"Mikwaruzo. Iligongwa kwenye gari."

"Picha ya karibu itaonyesha. Wataniuliza."

Hakuniambia nisage. Ningependa sana kuandika kwamba aliniambia. Aliingia ndani kuchaji simu, mama yake akamwekea chai. Mimi nikachukua grenda, nikafunga diski ya kusagia, nikapiga magoti. Chuma kilitoa cheche kama kawaida. Mkato wa kwanza ukaisha, wa pili ulikuwa na kina zaidi. Nikamalizia na msasa, nikapitisha kidole gumba kwenda na kurudi, kidole hakikusimama. Nikapaka rangi. Ilikuwa kazi safi. Nimefanya kazi nyingi mbovu katika maisha yangu, nyingine mnazijua, na ile moja ambayo ingefaa niharibu ndiyo niliyoifanya bila kosa.

Neema alipotoka na simu yake chai ilikuwa bado ina moshi.

Halafu wale watu wa kituo wakataka kutuona kwa mtandao. Kwao asubuhi, kwetu saa kumi jioni. Nikavaa koti la ubatizo. Akatokea mama mmoja mwenye nywele fupi za mvi, mpole sana, ana kikombe mkononi kama sisi. Akazungumza na Neema muda mrefu, mimi nikitikisa kichwa mahali pasipohitaji. Kisha akanigeukia.

"Baba, anauliza kile kichana kilikujiaje kichwani."

Vijana, nilikuwa na nafasi hapo. Ningeweza kusema sijui, nilijaribu jaribu tu. Fundi nusu ya vitu anavipata hivyo. Lakini yule mama alikuwa ameinama mbele anasubiri, na mimi sina habari ya kwangu, nina habari moja tu nzuri ninayoijua kwa moyo. Nikasema nilikuwa nimekaa mlangoni, namwangalia mke wangu anamchana nywele binti yetu. Nikasema habari za chanuo na vidole. Nikaonyesha na vidole, vilevile kama Lazaro anavyoonyesha.

Neema, ambaye hakuwahi kuisikia habari hiyo kwa Lazaro, alisita kabla ya kutafsiri, maana binti mwenyewe ni yeye. Akatafsiri sauti ikiwa imebadilika. Yule mama akaweka kikombe chini akashika kifua.

Baadaye Neema akaniambia, "Sikumbuki hiyo siku, baba. Lakini nimefurahi nilikuwepo."

Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia anachambua maharage. Neema alipoondoka akaja akasimama mbele yangu.

"Baba Neema. Lile chanuo ni la mama Naserian."

Nikaanza kuvua koti.

"Marehemu yule. Alikuwekea viazi machoni."

"Najua."

"Utamwambia lini mwenyewe?"

"Nitamwambia."

Kila barua ilipokuja kutoka huko aliniuliza swali hilo, kwa maneno yaleyale, kisha akaendelea na kazi zake. Barua ya kuungwa mkono ikaja. Neema akapata kwanza kibali cha kazi, akaondoka na masanduku mawili na mchoro wa kichana. Ombi la ukaazi likabaki kwenye foleni, na foleni yao si ya miezi. Wakaomba karatasi hii, wakaomba ile, alama za vidole, vipimo vya kifua, maelezo upya ya biashara. Kila walipouliza juu ya mashine, Neema aliwajibu kwa yale niliyompa, na kila mara uongo wangu uligongwa muhuri mwingine.

Na Lazaro? Lazaro kila asubuhi kwenye ndoo yake, kabla hata ya kuuliza kama tuna umeme: "Ero, karatasi za mtoto zimefikia wapi?"

"Bado."

"Zitatoka."

Jumapili moja kanisani, wakati wa maombi ya mahitaji, watu wanasimama kuombea wagonjwa na mvua, yeye akasimama na fimbo yake akaomba tuziombee karatasi za Neema binti Yohana. Nikainamisha kichwa. Watu wakadhani nasali.

Nilijaribu kumwambia mara tatu. Mara ya kwanza mteja akaingia. Mara ya pili umeme ukarudi, tukakimbilia kazi. Ya tatu hapakuwa na mteja, na umeme ulikuwa umekatika siku nzima. Tulikaa tu. Akaniuliza kwa nini nimekuwa mkimya siku hizi. Nikasema mgongo.

Ukaazi ukatoka. Neema alipiga simu analia, mama yake analia, mimi nikaenda nje nikasimama kati ya migomba. Akaja likizo, tukafanya shukrani nyumbani Kikatiti, mchana, mbuzi wawili, mchungaji, majirani, na baadhi yenu mlikuwepo mkila. Lazaro tukamweka kiti cha mbele karibu na mchungaji. Mashine ya mfano tuliisimamisha uani, akina mama wameifunga kanga kama bibi harusi.

Neema akasimama kuzungumza. Akamshukuru Mungu, akamshukuru mama yake, akamshukuru babu Lazaro kwa maombi na kwa moyo wake wa kutotaka kuandikwa. Nikaona kofia ya Lazaro ikigeuka kidogo. Halafu akasema anataka wote wajue baba yake alivyopata akili ya kichana, kwa sababu huko Kanada kila anayeinunua mashine husimuliwa. Akasema siku moja, yeye akiwa mtoto, mama anamchana nywele mlangoni. Akasema habari ya chanuo. Akafika kwenye vidole, akaonyesha kwa vidole vyake.

Watu wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Mke wangu aliangalia chini. Lazaro naye akapiga makofi, polepole, mpaka wote walipomaliza.

Kisha akainuka. Nilikuwa nimeshika sahani ya nyama nimpelekee. Hakuja kwangu, akaenda kwenye mashine, fimbo mbele, maana macho yake wakati huo yalikuwa yamebaki kidogo sana. Akasogeza kanga. Akainama chini upande wa kushoto, akaweka kidole gumba kwenye ukingo, akakipeleka na kukirudisha, uso ametazama kwingine, kule mlimani. Akapeleka tena. Kidole hakikusimama.

Nikamfikia.

"Ulitumia diski gani?" akauliza. Sauti ya kawaida, ya karakana.

"Ya kusagia."

"Na msasa?"

"Na msasa."

Akanyoosha mgongo. Miaka yote ile, mbele ya wateja, mbele ya watoto wangu, kwenye msiba wa baba yangu, mtu huyu hakuwahi kuniita kitu kingine zaidi ya ero.

"Umesaga vizuri, fundi Yohana," akasema.

Mke wangu akamkimbilia. "Baba Naserian, kaa basi, chakula bado."

"Nimeshiba, mama."

Akairudisha kanga pale alipoitoa, akaishindilia vizuri isipeperuke. Akamshika Neema kichwani, akambariki, Neema anacheka hajui kitu. Halafu akafungua geti, geti nililolitengeneza mimi, akapita, akalirudisha taratibu mpaka komeo likalia, akashuka na fimbo yake kuelekea barabara ya Moshi. Mimi nimesimama na sahani. Asubuhi ya Jumatatu niliiweka ndoo ya rangi mahali pake, na tindo juu ya meza. Hakuja, na hajaja tena.